Nilivyozirudisha nyuma futiresti za Virago yangu

Pikipiki yangu ni Yamaha Virago 250, zile za kukaa kama uko barazani: makalio chini, miguu mbele kwenye futiresti, yaani vyuma vya kukanyagia. Kwenye lami ya Tanga hadi Muheza ni raha tupu. Shida ni kwamba bibi yangu anakaa Amani, na ukishaacha lami unapanda mlima kwa mawe na udongo mwekundu. Mwenye trail, pikipiki ya porini, akiona shimo ananyanyuka tu na kusimama juu ya futiresti, magoti yanalimeza. Kwenye Virago miguu imetangulia mbele ya kiuno, kwa hiyo huwezi kusimama mpaka ujivute kwa usukani, na ukijivuta, usukani unayumba. Mashimo yote yanaishia mgongoni.

Nikaenda kwa fundi wa kuchomelea pale Muheza.

"Kaka, hii si ya porini. Uza, nunua trail."

"Fundi, hela ya trail ndiyo hii tumeikalia."

Akacheka, akafunga nati kwenye uzi. Mimi nikakaa kwenye siti, yeye akauning'iniza kutoka kwenye nyonga yangu, tuone mahali palipo chini ya kiuno. Nati ikaangukia karibu na futiresti za abiria, ambako mguu haufiki breki wala gia. Tukapatana sentimita 10 nyuma, kimo kilekile, maana ukizishusha zinaanza kulima barabara. Vibao vya chuma tulivifunga kwa bolti kwenye matundu yaliyokuwepo. Chesesi sikutaka iguswe na moto. Hata vibao vyenyewe vilichomelewa mezani, mbali na betri.

Kosa lilikuwa langu. Nilitaka futiresti imara, nikamwambia azichomelee moja kwa moja, zisikunjike. Wiki ya pili, kwenye kona yenye korongo, ya kushoto ikagonga jiwe. Ya kiwandani ingekunjika na kurudi. Hii ilikataa, ikainua pikipiki nzima, na mimi nikajikuta mtaroni nimelalia majani, ekzosi inatoa moshi juu yangu. Namshukuru Mungu nilikuwa mwendo wa kinyonga.

Nikarudi na futiresti kuukuu za trail nilizopata kwa wauza spea: pana, zina meno, zina springi. Fundi akazikata zile za kwanza kwa grenda bila kusema neno, nadhani alijizuia. Hizi alizilaza kidogo ili zikigongwa zikunjike kwenda juu na nyuma. Meno yanashika kiatu hata chenye tope, ambapo mpira wa zamani ulikuwa unateleza kama sabuni. Ila sahau ndala, zitachanika.

Kilichonisumbua zaidi ni pedeli ya breki. Ukiikata ili ifuate mguu nyuma inakuwa fupi, na pedeli fupi inataka ukanyage kwa nguvu zaidi. Breki ya nyuma ni ya ngoma, basi nilikaza nati ya fito yake kidogokidogo, kila mara nikiinua tairi na kulizungusha kwa mkono kuhakikisha halikwaruzi. Nilishinda hapo mpaka jioni.

Sasa nasimama, si wima kama wa trail, ila siti inaniachia na magoti yanafanya kazi yake. Kwenye lami magoti yamejikunja kuliko zamani, na safari ya kwenda Tanga naimaliza nikiwa natamani kunyoosha miguu. Ekzosi bado iko chini. Kwenye mawe makubwa nashuka, naisukuma.