Siku moja na dagaa wa Kibirizi

Wapo wanaodhani kwamba muuza dagaa hukaa kivulini akipanga bei kichwani mwake, nami ningependa watu hao wapite nami siku moja tu ya Septemba.

Saa 11 alfajiri nilikuwa mwaloni Kibirizi, mitumbwi inapotia nanga hapa Kigoma kando ya Ziwa Tanganyika, mabeseni mkononi na fedha ikiwa imefungwa kwenye pindo la kanga, nikingoja mitumbwi irudi. Zilikuwa zimebaki siku chache mwezi uwe mpevu, na katika biashara hii hakuna kinachoamua bei kama hicho: dagaa huvuliwa usiku kwa kuvutwa na taa, na mbalamwezi inapotanda juu ya ziwa hawakusanyiki penye taa. Waliotoka usiku huo walilazimika kusubiri mwezi uzame ndipo wavue hadi kukucha. Mitumbwi iliyorudi na chochote ilikuwa michache, sisi wanunuzi tulikuwa wengi, na bei ya beseni ikakaribia kuwa maradufu ya ile ya wiki iliyotangulia.

Saa 1 hadi saa 3 niliwahudumia wateja wangu wa kila siku, ambao hutazama kama ngozi ya dagaa ingali inang'aa na tumbo halijapasuka, hulipa na kuondoka.

Saa 4 alifika kijana mmoja aliyehamishiwa mjini hapa kikazi.

"Shikamoo mama. Wiki iliyopita uliniuzia fungu hili kwa nusu ya bei hii."

"Marahaba mwanangu. Wiki iliyopita kulikuwa na giza."

Alicheka, akidhani ninamfanyia mzaha. Nilimweleza habari za mwezi. Akajibu kwamba dukani kuna samaki wa kugandishwa kutoka nje ya nchi, ambao bei yao haijui mwezi wala jua. Nilimwambia kwamba samaki huyo amekwisha kulipiwa meli, lori na umeme wa friji kabla hajafika kwenye sufuria, ilhali dagaa hawa walikuwa majini alfajiri hiyo hiyo, na fedha yake ingeishia kwa mvuvi, mbeba mizigo na mimi, sote wa hapa hapa. Alinyamaza, akahesabu noti zake, akaomba nyongeza, akaenda kuuliza kwa jirani yangu, akarudi. Wakati huo wateja wengine wawili walikuwa wamechoka kusubiri na kuondoka, na jua lilikuwa linawapiga dagaa ambao hawakuwa na barafu. Hatimaye nilimshauri anunue wakavu niliowaanika wakati wa giza, walipokuwa wengi na bei ikiwa chini, awapike kwa mawese na nyanya, ale kwa ugali wa muhogo. Wabichi awafuate mwezi utakapopungua. Alichukua robo kilo. Hakuwapo mwaka 2024, uvuvi ulipofungwa ziwani kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane, ambapo mimi niliuza maharage ya Kasulu na wateja wakala maharage. Sijui angegombana na nani.

Wabichi waliobaki niliwapandisha chanjani, kwenye kichanja cha kuanikia. Watu hupita kazi hii bila kuitazama: kuwatandaza wasipandane, kuwageuza, kuwafukuza kunguru, kuinama na kuinuka hadi kiuno kikatae. Kiangazi jua hunisaidia. Masika mvua ya ghafla huweza kuozesha mzigo mzima, ndiyo maana dagaa mkavu wa Septemba, asiye na mchanga wala harufu ya uvundo, ndiye ninayemnadi bila wasiwasi wowote.

Sikumbuki nilikula saa ngapi. Jua lilipokuwa linashuka niliwakusanya waliokauka nikawafunga kwenye viroba, kisha nikahesabu: deni la beseni, ushuru, mbebaji, mtoto aliyenisaidia kufukuza kunguru. Kilichosalia kilikuwa changu, na bado sikuwa nimetoa nauli ya bodaboda.