Vile nilifuga ukungu mweupe na makumbi ya nazi yakaoza

Mwaka juzi nilikuwa karibu niachane kabisa na mambo ya mboji. Nina pipa la plastiki nyuma ya nyumba hapa Mtopanga, Mombasa, nilikuwa natia kila kitu cha jikoni, maganda ya ndizi, vikonyo vya mchicha, na zaidi machicha ya nazi manake kwetu siku haipiti bila wali wa nazi ama mbaazi, na machicha na joto hili la kwetu siku mbili tu yashachacha, maji meusi chini, funza, harufu mpaka kwa watu. Nyanya wa nyumba ya pili akaja mlangoni, nkampa shikamoo, akaitika marahaba alafu akaniuliza polepole, "Mjukuu wangu, hii harufu ni ya nini, na sisi jioni twala nje?" Niliona haya sana.

Na upande wa pili nilikuwa na magunia ya makumbi ya madafu, muuzaji ananipa bure sababu kwake ni taka, nimeyakatakata na panga na mwaka mzima yako vile vile. Vitu laini bakteria wanavimaliza haraka, lakini kumbi, vijiti na majani makavu ya mwembe yana lignini, ile inayofanya mti uwe mgumu, na anayeiweza ile ni fangasi, huu ukungu. Nikakumbuka Haller Park pale Bamburi. Ilikuwa machimbo ya simiti, jiwe tupu, Rene Haller akaanza kupanda miti 1971, mivinje ikashika, lakini majani yake kama sindano yalikuwa yaanguka tu hayaozi, mpaka akaleta majongoo wakayatafuna yakawa udongo. Nikaona basi hata pipa langu halina mfanyakazi, mimi natia tu chakula.

Njia niliyofuata ni ile aliyoieneza Cho Han-kyu, mtaalamu wa kilimo cha asili wa Korea Kusini, hununui mbegu ya fangasi, unawatega wa hapo hapo kwenu kwa wali. Nilipika wali mkavu, haujaiva sana, bila chumvi na bila nazi kabisa, ukapoa, nikautia kwa kikapu cha ukili kama vidole vinne kwenda juu bila kushindilia, ukili ni mzuri sababu wapitisha hewa. Nikafunika na karatasi nikafunga kamba, nikaenda kuuweka kwa mjomba chini ya mwembe mkongwe, pale ukifukua majani unaona nyuzi nyeupe zimeshikana, nikaufukia na yale majani. Mara ya kwanza kuku walifukua wakamaliza. Mara ya pili mvua ikaingia, wali ukawa mweusi na mwengine wa pinki, huo nilizika mbali. Mara ya tatu nikaweka waya wa kuku na kipande cha bati juu, siku ya nne nikafungua karatasi, mashaallah, pamba nyeupe imesimama kama manyoya ya kifaranga, na harufu tamu kama ya udongo mvua ikianza.

Wali ulikuwa nusu kilo, nikaufikicha na sukari guru nusu kilo, ukakaa kwa mtungi umefunikwa kitambaa wiki moja mpaka ukawa kama uji mzito. Alafu vijiko viwili nikakoroga kwa maji, nikachanganya na pumba za mahindi kilo 5. Hapa kwenye maji ndo watu wengi wanaharibu: ukishika konzi ukaminya ishikane, lakini isidondoke hata tone. Nikatandaza kivulini juu ya ardhi, nikafunika na magunia. Siku ya pili inapata moto, utie mkono, ukishindwa kuuacha ndani ipindue. Baada ya wiki pumba zote zimefanya gamba jeupe unalibandua kama chapati. Na ukilivunja funga leso puani, lile vumbi si zuri kwa kifua, mwenye pumu asiliguse kabisa.

Pipa nalo nililitoboa matundu pande zote na msumari wa moto. Makumbi nililoweka usiku kucha, nikayapanga na majani makavu, na machicha sasa natia kidogo kidogo nachanganya na majani mengi. Pumba sikutia siku hiyo hiyo, nilingoja lile joto la mwanzo lishuke kwanza sababu mboji ikipita digrii 60 wengi wa hawa fangasi wanakufa na kazi yako yote imepotea. Nikishatia sipindui pindui tena, ukipindua kila siku unakata zile nyuzi.

Mwezi wa tano tangu nitie pumba nikatoa kumbi moja katikati, nyuzi nyeupe zimelipenya mpaka ndani, nikalifinya na vidole viwili likamong'onyoka. Panga lilikuwa linaruka juu ya kumbi hilo hilo! Uyoga mdogo mdogo pia ukaota pembeni, huo siuli na watoto nimewakataza.

Harufu imeisha. Juzi nyanya amekuja na ndoo yake ya machicha, akachungulia ndani ya pipa, akauliza ukungu wangu wala na maganda ya mihogo? Nkamwambia ndio nyanya, wala, lete.