Ninavyonukuu mahojiano kwa mdomo badala ya vidole

Kazi yangu ni kunukuu mahojiano. Watafiti wanakwenda vijijini, wanarekodi watu, wanarudi na mafaili ya sauti; mimi nasikiliza na kuandika neno kwa neno kwa Kiswahili, na mara nyingi natafsiri pia kwa Kiingereza. Saa moja ya mazungumzo hula saa nne za kuchapa, na kama jogoo anawika na mashine ya kusaga inanguruma nyuma ya mhojiwa, hula zaidi. Niliifanya hivyo kwa miaka, mpaka mkono wa kulia ukaanza kuwaka moto usiku na vidole vikawa vinakufa ganzi. Hospitali wakasema kuna neva inabanwa kwenye kifundo cha mkono, wakanifunga kifaa cha kuushikilia, wakaniambia nipunguze kuchapa. Mtu anayelipwa kwa dakika ya sauti apunguze kuchapa!

Ndipo nikakigeukia kitu ambacho kilikuwamo kwenye laptopu yangu siku zote bila mimi kukijali, yaani kuandika kwa kutamka. Kwenye Windows unabonyeza kitufe cha Windows pamoja na H, kinatokea kipaza sauti kidogo, unaongea na maneno yanajiandika pale kishale kilipo. Kwa Kiingereza ni safi. Kiswahili sikukikuta kwenye orodha ya lugha zake, kwa hiyo kwa Kiswahili natumia Google Docs ndani ya Chrome: Ctrl, Shift na S kwa pamoja, kisha unachagua Kiswahili cha Tanzania au cha Kenya juu ya picha ya kipaza sauti. Google waliiongeza lugha yetu kwenye huduma yao ya kuandika kwa sauti mwaka 2017. Hivi vyote viwili vinataka intaneti, maana sauti inasafirishwa hadi kwenye mitambo ya kampuni ndipo inarudi ikiwa maandishi. Umeme ukikatika laptopu inaendelea kwa chaji yake lakini ruta inazima, hapo inabidi bando la simu liokoe jahazi.

Wazo linalomjia kila mtu kwanza ni kuicheza rekodi karibu na laptopu ili kompyuta ijinukulie yenyewe. Usijisumbue. Rekodi iliyofanyiwa chini ya mwembe, upepo unapuliza na watu wawili wanadakizana, hutoka maneno matatu kati ya sentensi nzima, na hayo matatu hayahusiani. Kinachofaa ni wewe kusikiliza, kisha wewe mwenyewe kurudia kwa sauti yako. Watu wa televisheni Uingereza huandaa hivyo maandishi ya chini ya skrini kwenye matangazo mubashara: mtu anakaa pembeni mahali palipo kimya, anasikia mtangazaji, anarudia kila kitu kwa sauti iliyonyooka, na programu inaandika sauti moja tu ambayo imeizoea.

Mpangilio wangu uko hivi. Rekodi iko kwenye simu, siyo kwenye kompyuta, kwa sababu ukihamia dirisha jingine kwenda kubonyeza pause, kile kipaza sauti cha Docs kinazima. Sikio la kushoto lina kifaa cha bluetooth cha simu. Nikikigusa rekodi inasimama, nikikigusa tena inaendelea. Kwenye laptopu nimechomeka hedifoni ya waya yenye kipaza sauti kilicho kwenye kijiti kinachochomoza, ya bei ya kawaida tu, imening'inia shingoni, kipaza kikiwa upande wa shavu na siyo mbele ya mdomo, la sivyo kila “p” na “b” inapiga kama mlango. Kipaza cha ndani ya laptopu nilikiacha mapema, kinasikia feni kuliko kinavyonisikia mimi. Mvua ikinyesha juu ya bati, hakuna kipaza kitakachokusaidia, nenda kapike.

Kurudia kwenyewe kuna namna yake. Neno moja moja ni vibaya kuliko sentensi nzima, kwa sababu programu hutumia maneno ya jirani kukisia lile ambalo haikulisikia vizuri. Ukisema “hawakutuambia” peke yake inaweza kuikata vipande. Ukisema “viongozi wa kijiji hawakutuambia kitu” inakuja yote. Kwa hiyo nasikiliza mpaka mzungumzaji amalize pumzi, nasimamisha, natamka yote mara moja kwa mwendo wa mtangazaji wa taarifa ya habari. Kuvuta maneno polepole kama unamfundisha mtoto kusoma kunaiharibia.

Alama za uandishi ndizo zilizonitoa jasho. Kwa Kiingereza unatamka “full stop” au “comma” na inaweka, na Windows 11 ina kitufe cha kuifanya iziweke yenyewe. Kwa Kiswahili kwenye Docs hakuna amri hizo; ukurasa wao wa msaada unataja lugha chache tu za Ulaya. Unapata mto wa maneno usio na nukta hata moja. Nilichofanya ni kutamka “nukta” mwisho wa sentensi na “mkato” panapotakiwa, nikijua zitaandikwa kama maneno. Mwisho wa kazi nafungua Ctrl na H, nabadilisha “ nukta” kuwa kituo na “ mkato” kuwa alama yake, faili zima kwa mpigo. Herufi kubwa zinabaki za kurekebisha, na aya mpya kwa kila mzungumzaji naipiga kwa kidole cha mkono wa kushoto. Hiyo haiumi.

Halafu kuna tatizo ambalo kwa kazi yangu ni kubwa kuliko nukta. Programu inapenda Kiswahili cha kitabuni. Mama wa Gairo anasema “watoto walikuwaga hawaendagi shule msimu wa kulima”, narudia vilevile, kwenye skrini linatokea “watoto walikuwa hawaendi shule msimu wa kulima”. Sentensi imekuwa nzuri, ila siyo yake. Mtafiti amelipia neno kwa neno, na ile “-ga” ndiyo inayomwambia kwamba jambo lilikuwa la kila mwaka. Vivyo hivyo “nimeendaga”, “anakujaga”, na maneno ya Kiingereza ambayo maofisa ugani huchomeka katikati ya sentensi. Hayo nayarudisha kwa mkono nikisikiliza mara ya pili, na mzunguko huo wa pili siuruki hata nikiwa na haraka kiasi gani. Makosa ya kuchapa unayaona kwa macho kwa sababu neno limekatika. Makosa ya mashine hii yamevaa vizuri, yanapita mbele yako bila kukushtua.

Kuhusu majirani, ngoja niseme. Mahojiano yako katika nafsi ya kwanza, kwa hiyo nami naongea katika nafsi ya kwanza. Siku moja nanukuu mwanamke aliyeachwa na mumewe, natamka wazi kabisa na dirisha liko wazi: “mume wangu alituacha na watoto watano nukta hajatuma hata shilingi nukta.” Jioni mama wa nyumba ya pili akaja na sahani ya maandazi, sura ya msibani.

“Pole mdogo wangu. Kwani shemeji kaondoka lini?”

Shemeji alikuwa ndani anaoga. Tulicheka sana, lakini baada ya kucheka nilifunga dirisha, na tangu hapo linafungwa. Yule mwanamke aliahidiwa kwamba maneno yake hayatasikika nje ya utafiti.

Ahadi hiyohiyo inahusu na kompyuta. Sauti ya mhojiwa haipandi mtandaoni, kwa kuwa inayosikika ni yangu, ila maneno yake yanapita kwenye mitambo ya watu wengine. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na watafiti wengi wana masharti yao ya maadili zaidi ya sheria hiyo. Kwa hiyo majina siyatamki kabisa: nasema “mshiriki namba nne”, kijiji nasema “kijiji cha pili”, na ufunguo wa majina, yaani namba ipi ni ya nani, uko kwenye daftari.

Upande wa tafsiri mambo ni mepesi. Naweka Kiswahili kushoto, natamka Kiingereza kulia kwa Windows na H. Nilijaribu Kiingereza cha Marekani na cha Uingereza. Kilichonielewa zaidi kwa lafudhi yangu ni cha India, jambo ambalo bado linamchekesha mume wangu. Nikikosea nasema “delete that”, kipande cha mwisho kinafutika.

Koo linachoka, hapo usijidanganye. Maji ya uvuguvugu mezani, na mchana nanyamaza. Mazungumzo ya vikundi, watu wanane wanaongea pamoja, siyachukui kwa mdomo. Muda wa kumtambua nani kasema nini unameza faida yote. Hayo, pamoja na kazi ambazo mteja amekataza huduma za mtandaoni, nampa binamu yangu achape, tunagawana malipo. Swali la kutumia huduma za mtandaoni namuuliza mteja kabla hata ya kutaja bei.