Siku ya kinyozi mwenye daftari la Man U

Siku hii niihesabu kuanzia saa saba usiku, maana kulala sikulala. Man U, yaani Manchester United ya Uingereza, na Newcastle walianza saa tano usiku kwa saa zetu, Jumatatu ya tarehe 30 Desemba 2024, nami nilikuwa nimebanwa kwenye benchi la ukumbi wa mpira hapa Malindi, jasho la mtu wa kushoto likinitiririkia mimi. Dakika ya 4, Isak wa Newcastle akatufunga. Dakika ya 19, mwenzake Joelinton. Dakika ya 33 kocha akamtoa Zirkzee, na mashabiki wa Old Trafford, uwanja wetu wa nyumbani, wakashangilia mchezaji wao kutolewa. Naipenda timu hii tangu sijaota ndevu, lakini hilo lilinikata maini. Nilirudi nyumbani kwa miguu, nikawasha taa, nikaandika mstari wa 19 kwenye daftari: nyumbani, 0-2.

Daftari lenyewe ni la shule, la mistari. Kila mechi ya ligi naandika mpinzani, ilichezwa wapi, mabao yetu, mabao yao. Basi. Ligi ya Uingereza ina mechi 38, kwa hiyo mstari wa 19 ndio katikati kabisa, na nilikuwa nimejiahidi kwamba nikifika hapo nitakaa nijumlishe.

Saa moja asubuhi nafungua. Kaskazi imeingiza mchanga chini ya mlango, nafagia, napangusa kioo, nazitia mashine spiriti. Mama wa jirani ananiletea mahamri na mbaazi. Anauliza kwa nini macho mekundu. Namwambia mpira. Anaguna tu.

Mteja wa kwanza ni mhudumu wa hoteli. Usiku wa mwaka mpya hoteli zote za ufukweni zimejaa, na msimamizi wake hataki kuona ndevu. Yeye ni wa Arsenal. Nusu saa nzima amekaa kitini ananicheka, nami nimeshika wembe shingoni mwake. Watu wana imani kubwa na vinyozi.

Saa tatu anaingia kijana wa tuktuk. Hata hajakaa: "Ami, tatizo ni Onana. Watoe yule kipa, kila kitu kitanyooka."

Nikamfungulia daftari. Mechi 19: ushindi 6, sare 4, kupoteza 9. Pointi 22, nafasi ya 14, pointi saba tu juu ya shimo la kushuka daraja. Tumefunga 21, tumefungwa 26. Lakini katika mechi sita hatukufungwa hata bao moja. Kipa na mabeki wakitoka mechi sita bila kuguswa, siwezi kusema ugonjwa wote uko kwao. Njoo upande wa pili. Kati ya hayo mabao 21, kumi yametoka mechi tatu pekee: tatu kwa Southampton, tatu kwa Leicester, manne kwa Everton. Zile mechi nyingine 16 zote kwa pamoja zimetupa 11. Na mechi nane hatukufunga kitu.

Kijana akasema wastani ni zaidi ya bao moja kwa mechi, si mbaya sana. Ndipo nilipomwambia akawaulize wavuvi. Mtu ajaze ngarawa siku tatu, halafu wiki mbili arudi na maji tu. Ukigawanya, utaona nyumba yake inakula kila siku. Nenda ukaonje chungu.

Hapo nilijiona nimemaliza. Lakini kwenye benchi alikuwepo Mwalimu, mstaafu wa hesabu, ambaye hunyoa mara moja kwa mwezi na kukaa hapa siku 30. "Mwanangu," akasema, "Tottenham wamefunga mangapi?" Zaidi ya 40. "Na pointi?" Ishirini na nne. "Wamepoteza?" Tisa, sawa na sisi. Akajifunika gazeti usoni. Wana mabao karibu mara mbili yetu, wametupita pointi mbili. Nikabaki nimeshika kitana.

Kutoka saa nne hadi saa sita ni vichwa tu, sikupata hata nafasi ya kwenda haja.

Saa sita na robo stima ikapotea. Siku kama hii! Wateja watatu kwenye foleni, mmoja nusu ya kichwa iko tayari, nusu bado. Mashine ya betri ilinimalizia huyo, wengine nikawaambia wakaswali kwanza. Nikachukua daftari, nikaketi mlangoni penye mwanga, nikafanya jambo ambalo nilipaswa kulifanya tangu mwezi wa kumi: nikatenga mechi za nyumbani na za ugenini.

Ugenini, mechi tisa: tumefunga 8, tumefungwa 10. Si timu ya ubingwa, lakini ni timu ya watu. Nyumbani, mechi kumi: tumefunga 13, tumefungwa 16, tumepoteza tano. Halafu nikaona kilichonifanya nipige paja. Msimu huu tumefungwa matatu katika mechi moja mara nne. Liverpool 0-3, Tottenham 0-3, Nottingham Forest 2-3, Bournemouth 0-3. Zote nne ni Old Trafford. Ugenini hakuna aliyetufunga zaidi ya mawili, hata Arsenal. Na Bournemouth hao walikuja mwezi wa Desemba 2023 wakatufunga 3-0 papo hapo, ni kama wana ufunguo wa nyumba.

Nilivyomsomea Mwalimu, aliondoa gazeti. Sababu tuliisaka pamoja. Mimi naona hivi: ugenini timu inakaa nyuma, inasubiri. Nyumbani watu 70,000 na zaidi wanadai mashambulizi, wachezaji wote wanapanda, mpira ukipotea katikati hakuna mwenye mbio za kurudi. Jana Casemiro na Eriksen walikuwa katikati, kwa vile Bruno na Ugarte wamefungiwa. Kwa heshima zote, miguu ile imeshafanya kazi yake. Mwalimu akaongeza kona: Arsenal walitufunga mawili yote kwa kona, Forest walianza na kona, na Cunha wa Wolves aliipiga kona ikaingia yenyewe. Kona haina habari na nyumbani wala ugenini. Nikaikubali, nikaiandika pembeni.

Stima ikarudi saa nane. Wali na samaki wa kupaka nilikula nimesimama.

Saa tisa akaja mwanafunzi wa chuo, yuko likizo, akatazama hesabu zangu kwa adabu ya mtu anayeficha kicheko. Akanieleza mabao tarajiwa: kila shuti lina thamani kati ya sifuri na moja, kulingana na mara ngapi mashuti ya aina ile huingia. Penalti ni zaidi kidogo ya robo tatu ya bao. Ukijumlisha unajua kama timu haitengenezi nafasi au inatengeneza na kuzichezea. Ni kweli, na daftari langu hapo ni kipofu. Ile mechi ya 0-0 na Crystal Palace tuliwashambulia sana, na kwangu imeandikwa sawasawa na 0-0 ya Aston Villa. Nikamnyoa kwa bei ya mwanafunzi.

Saa kumi ni baraza. Kocha! Ten Hag alipata pointi 11 katika mechi tisa kabla ya kufukuzwa mwezi wa kumi. Van Nistelrooy, aliyeshika kwa muda, nne katika mbili. Amorim, aliyemfuata, saba katika nane. Wapiga kelele wakataka Amorim naye aondoke. Mimi nilimtetea, japo kwa shingo upande: mechi nane ni chache, ndani yake wamo Arsenal, City, Forest na Newcastle, na mfumo wa mabeki watatu ameuleta katikati ya msimu. Kijana wa tuktuk, aliyerudi na abiria akimsubiri nje, akaapa tutafika pointi 60. Nikasema zidisha 22 kwa mbili, 44, wala hatuzifiki. Akaahidi kolekole mzima. Mwalimu akakohoa kuhusu kamari, tukamwambia ni ahadi tu. (Msimu ulipoisha tulikuwa na 42, nafasi ya 15. Kolekole bado yuko baharini.)

Magharibi hadi saa nne usiku sikuinua kichwa. Watu wote walikumbuka nywele saa za mwisho.

Nilipofunga, fataki zilikuwa zimeanza kusikika upande wa pwani. Nikafungua ukurasa mpya, nikaandika mstari wa 20: Liverpool, Januari 5, Anfield. Vinara wa ligi. Nikatazama lile neno la safu ya pili, ugenini, nikavuta pumzi.

Alhamdulillahi.