Mama na Ruhusa ya Raudha

Tulitua Madina baada ya Isha, mimi na Mama, na mabegi hayajatokea bado nilikuwa nimeshainamia simu. Viza za Umra tulikuwa nazo, hoteli tulikuwa nayo. Kilichoninyima raha ni ruhusa ya Mama ya kuingia Raudha.

Kuswali tu katika Msikiti wa Mtume (S.A.W.) hakuhitaji ruhusa, unaingia na wenzako. Raudha ni jambo jingine. Ni sehemu ile baina ya nyumba yake na mimbari yake, aliyoiita bustani miongoni mwa mabustani ya Peponi, nayo ina ukubwa wa kama mita 22 kwa 15 tu. Wanaoitamani ni maelfu kwa maelfu. Kwa hiyo siku hizi nafasi huombwa kwenye Nusuk, programu ya simu ya serikali ya Saudia: unachagua siku, unachagua saa, unapata msimbo wa QR. Kwa kawaida ni mara moja katika siku 365. Ukiwa na mzazi aliyeisubiri safari hii umri mzima, hesabu hiyo inakukaa rohoni.

Yangu niliipata mapema. Ya Mama nilijaribu mara nne, usajili haukubali. Usiku ule hotelini Mama akavaa miwani, akaishika pasipoti yake karibu na taa, akaanza kunisomea nambari moja moja kwa sauti huku mimi nikifuatisha kwenye simu. Akanisimamisha.

"Hapa ni nne, saba. Wewe umeweka saba, nne."

Kosa lilikuwa langu tangu mwanzo. Nikarekebisha, usajili ukapita. Siku mbili za mbele zilikuwa zimejaa, lakini saa tisa usiku nilipofungua tena nikakuta nafasi ya wanawake, siku ya tatu, baada ya Alfajiri. Nikaibonyeza kabla sijafikiri. Kisha nikakaa kitandani nikakumbuka kwamba wanawake na wanaume wana saa zao mbalimbali. Mama angeingia peke yake, simu mkononi, na mimi niko nje.

Siku mbili zile tulifanya mazoezi. Niliondoa kila kitu kwenye uso wa simu yake, nikaacha kupiga, picha na Nusuk. Nilitoa nywila. Niliongeza mwanga wa kioo mpaka mwisho. Mama hapendi kubonyeza vitu asivyovijua, na hiyo programu niliifungua katika lugha asiyoisoma. Akauliza jina lake. Nilipomtajia, uso ukamfunguka.

"Nusuk? Si ile ya kwenye Wajjahtu? *Inna swalatii wa nusukii*…"

Ndiyo hiyohiyo. Neno lililomo katika Surat Al-An'am, aya ya 162, neno la ibada, ambalo Mama amekuwa akilitamka kila anapofungua swala tangu utoto. Kuanzia hapo hakuiogopa tena. Akawa anaifungua mwenyewe, anautazama ule msimbo, anaufunga.

Mzee mmoja wa msafara wetu alitusimulia wakati wa chai alivyokuja zamani, kabla ya corona, akapanga foleni masaa kwa masaa na kubanwa hadi akakosa pumzi. Umra ilipofunguliwa tena tarehe 4 Oktoba 2020 ilianza na watu 6,000 tu kwa siku, kila mmoja na ruhusa yake kwenye simu. Wakati huo programu iliitwa Eatmarna. Nusuk ilikuja 2022 na utaratibu ukabaki. Mzee hakuusifu wala kuulaumu. Alisema tu kwamba safari hii ameswali rakaa zake mbili bila kukanyagwa. Mimi nauunga mkono kwa moyo wote, na bado nasema unamtaka mtu awe na simu, chaji na macho, na wazee wengi hawana vyote vitatu kwa pamoja.

Nililiona hilo kwa macho yangu siku yenyewe. Tulifika uani mapema, ile miavuli mikubwa ikianza kufunguka juu yetu, Kuba la Kijani likipata mwanga wa kwanza. Kwenye foleni ya wanawake alikuwapo bibi mmoja mwenye simu nzuri kuliko yetu, lakini simu ile ilifunguka kwa kidole cha mwanawe, na mwanawe ameshakwenda upande wa wanaume. Bibi anaigusa, inakataa. Anaipangusa kwa kanga, anaigusa tena. Wenzake wanasonga mbele. Sikujua lugha yake, na hata ningeijua nisingekuwa na cha kumfanyia. Enyi mnaowapeleka wazazi wenu: ruhusa ya mama ikae kwenye simu ambayo mama anaweza kuifungua. Ifanyeni kazi hiyo nyumbani, kabla ya ndege.

Mama akageuka mara moja kunitazama, akainua simu juu kama anayeonyesha tiketi, akapotea kati ya mabuibui.

Nilimsubiri kwenye marumaru, tasbihi mkononi, nisiweze kuhesabu sawasawa. Alipotoka alikuwa amelia. Hakusema mengi.

"Zulia lake ni la kijani kweli, mwanangu."

Niliingia usiku wangu, nikaswali, nikayaombea majina yote aliyoniandikia kwenye karatasi. Siku iliyofuata tukashika njia ya Makka. Basi lilisimama Dhul-Hulayfa, mahali pa kuhirimia, ambako wengi huita Abyar Ali. Tukanuia Umra, na talbiya, ile "Labbayka" ya mahujaji, ikatuchukua zaidi ya kilomita 400 mpaka kwenye Haram, msikiti wa Al-Kaaba. Ruhusa ya Umra tulikuwa nayo tayari. Tawafu, kuizunguka Al-Kaaba, tuliifanya polepole; saayi, mwendo wa baina ya Safa na Marwa, Mama akaimaliza kwa kiti cha magurudumu, akakatwa nywele kidogo tu kama inavyotakiwa.

Usiku, mimi nikiwa nusu usingizini, nikauona mwanga wa simu kitandani kwake. Amefungua Nusuk.

"Mwanangu, zile siku 365, zinahesabiwa tangu siku ile niliyoingia?"

"Ndiyo, Mama."

Akanyamaza kidogo, akawa anahesabu kwa vidole.