Ijumaa ya msusi: kutoka Kenyatta Market hadi kwenye beseni la paka

Saa kumi na moja na nusu asubuhi. Maji kwanza. Kwetu Laini Saba, Kibera jijini Nairobi, mfereji haufunguki kila siku, kwa hiyo mtungi wa lita 20 uliojazwa jana ndio wa kuoga, wa chai na wa kumnawisha mtoto. Nafungua kitambaa cha satini nilicholalia, nalowesha nywele kidogo, napaka mafuta ya nazi, nazifunga nyuma bila kuzikaza. Mteja akifika kwa msusi huangalia kwanza nywele za pembezoni mwa uso wake. Zangu zimejaa, na kila anayekaa kwenye kiti changu nataka zake zijae hivyo hivyo. Kwangu ngozi ndiyo bosi, mtindo unafuata.

Saa moja. Napita mtaa wa Highrise kwa miguu. Baridi ya Julai inauma. Kenyatta Market inajulikana kwa nyama choma na kwa misuko, na asubuhi hii wachoma nyama bado wanawasha makaa sisi tukiwa tayari tunaosha vitana. Sabuni kwanza, halafu naviloweka kwenye maji yenye jiki, nasuuza, naanika. Kitana kichafu kinabeba ugonjwa wa kichwa hiki hadi kile.

Saa mbili. "Karibu mrembo, unasuka?" Wa kwanza ni dada anayeanza likizo leo, anataka rasta nyembamba za kufika kiunoni. Kichwa kama hicho mtu mmoja angekishikilia hadi jioni, kwa hiyo tunamzunguka watatu: mmoja kisogoni, mmoja ubavuni, mimi mbele. Mbele simwachii mtu.

"Nikazie, mama," ananiambia. "Sitaki zilegee kabla likizo haijaisha."

Hili husemwa na karibu kila mteja, nami sichoki kulijibu. Unywele umeota ndani ya kifuko kidogo kwenye ngozi. Ukiuvuta usiku na mchana, kifuko kinavimba. Utaona vipele vyeupe kwenye mstari wa paji, kisha nywele zinaanza kupungua pale pale. Ukiacha mapema, zinarudi. Ukiendelea miaka, kifuko kinageuka kovu, ngozi inakuwa laini na kung'aa, na hapo hakuna mafuta yatakayootesha kitu. Madaktari wanaiita alopesia ya mvuto, na msusi ana uwezo wa kuizuia kwa vidole vyake. Mteja akimaliza kusukwa hawezi kukunja uso, au analala kwa panadoli, kazi hiyo ni mbovu hata kama picha yake inapendeza. Inaniuma sana ninapowaona wasichana wa miaka ishirini na kitu wakifunika paji kwa kitambaa.

Kwa hiyo namfanyia hivi: pembezoni nachukua nywele zake nyingi kidogo na za pakiti chache, maana urefu ni uzito na uzito nao unavuta. Naanza na nywele zake mwenyewe, za pakiti naziongeza kidogo kidogo nikishuka, bila fundo kwenye shina. Vile vinywele vyororo vya mbele kabisa naviacha. Kila mstari namuuliza, "Inauma?" Akinyamaza tu siendelei, nataka jibu.

Saa saba. Chapati na maharagwe, nikiwa nimesimama.

Saa saba na nusu. Mwanafunzi wa chuo amekuja kufumuliwa. Amekaa na msuko huo zaidi ya miezi mitatu, na bonge la nywele linalotoka kwenye kitana linamtia machozi. Namwonyesha zilizo mkononi mwangu. Kichwa chenye afya hudondosha nywele kati ya 50 na 100 kwa siku, na zikiwa ndani ya msuko hazina pa kutokea. Miezi miwili peke yake ni kati ya 3,000 na 6,000, hivyo bonge lisimtishe. Kinachofaa kuangaliwa ni ncha. Unywele wenye kijidoa cheupe mwishoni umetoka kwa wakati wake; mfupi usio na kijidoa umekatika. Zake zilizokatika ni chache, ila ziko pale rasta zilipokusanya uchafu na kushikana. Namwambia wiki nane zinatosha, asizidishe. Alitaka pia apakwe dawa ya kulainisha na kusukwa leo leo. Hapana. Dawa inadhoofisha unywele na kuacha ngozi laini, kwa hiyo asubiri kama wiki mbili hivi. Anaondoka na matuta manne mepesi ya nywele zake mwenyewe.

Saa tisa. Mama ameleta binti yake wa darasa la pili asukwe matuta. Nagawa nywele, nakuta duara lenye magamba, nywele zimekatika karibu na ngozi. Mapunye. Naweka kitana chini na kumvuta mama pembeni, mtoto asiaibike. Mafuta ya kupaka peke yake hayaponyi mapunye ya kichwani, kwa sababu kuvu imeingia hadi kwenye shina la unywele. Inatakiwa dawa ya kumeza, itolewe na daktari. Namuuliza kama nyumbani kuna mnyama. Anasema yuko paka mdogo. Hela yake sichukui, na kitana kile hakigusi kichwa kingine leo.

Saa kumi na moja. Rasta za yule dada zimekwisha. Nachovya ncha kwenye maji moto zisifumuke. Taulo zito mgongoni, jagi mbali na bega, na mwenzangu anashika nywele: maji haya yameshababua watu.

Saa mbili usiku. Nafika nyumbani nakuta Chui, paka wetu, ametoka gereji na oili ya injini mgongoni. Kwa kawaida paka hahitaji kuogeshwa, ulimi wake una miiba midogo inayomtosha kama brashi. Lakini oili hii akiilamba ataimeza, na ni sumu.

Jirani ananipa shampuu yake, tena na dawa ya viroboto ya mbwa, "ummalizie kabisa". Nashukuru, vyote narudisha. Ngozi ya paka haina asidi kama yetu, na dawa nyingi za viroboto za mbwa zina permethrini, ambayo inaweza kuua paka. Nasugua kwanza mafuta ya kupikia ili oili iachie, halafu sabuni ya maji ya vyombo, kidogo. Ndani ya beseni, chini kabisa, kuna taulo kuukuu apate pa kushika kwa kucha, maji ya uvuguvugu yanafika tumboni tu. Mwanangu anamshika mabega na kumsemesha polepole. Uso tunaupangusa kwa kitambaa chenye maji. Nasuuza hadi manyoya yasiteleze, namkausha kwa taulo mbili. Jiko la makaa siliwashi ndani mlango umefungwa, hata kwa baridi hii.

Saa tatu na nusu. Ujumbe wa mama wa yule binti: kliniki wamempa dawa ya kumeza ya wiki kadhaa. Anauliza kama paka naye ana shida, maana manyoya yake ni mazima kabisa na hulala kitandani kwa mtoto. Namjibu ampeleke kwa daktari wa mifugo kesho hiyo hiyo, paka anaweza kubeba kuvu bila dalili yoyote. Foronya zifuliwe, kitana cha mtoto kiwe chake peke yake. Na daktari akisema amepona, amlete. Nitamsuka bure.