Keki ya tangawizi bila molasi

Binamu yangu anayeishi Marekani alinitumia kwa simu maelezo ya keki ya tangawizi anayoipenda, nami nikataka kuwapikia wageni wetu wa Maulidi. Unga, mayai, siagi, tangawizi, mdalasini, karafuu, vyote vilikuwamo jikoni. Kilichonikwamisha ni kimoja tu: kikombe kizima cha molasi.

Nilizunguka maduka ya Langoni, kisha njia kuu yote ya hapa Lamu. Wengi walidhani natafuta asali. Mmoja ndiye aliyeijua, akaniambia nivuke hadi Mokowe nishike gari la Mpeketoni, kwenye duka la vyakula vya mifugo. Molasi hiyo ni ya kuchanganyiwa ng'ombe kwenye majani. Haikutengenezwa iliwe na watu, nami sikuwa tayari kumwekea mgeni kitu kama hicho kwenye sahani.

Nikajiuliza, molasi yenyewe ni nini? Ni ule uji mweusi unaobaki kiwandani baada ya maji ya miwa kuchemshwa na chembe za sukari kutolewa. Na sukari guru ni maji ya miwa yaliyochemshwa mpaka yakaganda, bila kutolewa chochote. Basi molasi imo humo humo ndani ya lile bonge ninalolinunua kila siku!

Kikombe cha molasi kina uzito wa gramu 340 hivi, na karibu sehemu moja ya tano ni maji. Nikapasua gramu 250 za sukari guru, nikaiyeyusha kwa moto mdogo na robo kikombe cha maji, nikaichuja kwa kitambaa chembamba. Kuchuja usikuache, maana mna makapi ya miwa na wakati mwingine mchanga.

Keki ya kwanza ilinukia nyumba nzima, lakini iliinuka nusu tu, katikati ikabonyea. Na mdomoni iliacha ladha ya sabuni. Niliumia, kwani siagi ni ghali. Nikampelekea kipande mama mkubwa, ambaye amepika mikate ya sinia tangu sijazaliwa. Alitafuna polepole.

"Soda imezidi hapa. Hiyo molasi yao ina uchachu?"

"Ndiyo, mama, kidogo."

"Na hii yako ni tamu tupu. Tia mai ya ukwaju, mwanangu."

Jibu lilikuwa hilo. Soda ya kuokea ikikutana na asidi hutoa hewa, na hewa hiyo ndiyo inayouinua unga. Ikikosa asidi ya kutosha hubaki na ladha yake mbaya. Molasi huja na uchachu wake, sukari guru uchachu wake ni haba. Ndimu ingefaa pia, lakini ukwaju una rangi na ule ukali mzito unaopatana na tangawizi, nami sasa siubadilishi kwa kitu kingine. Nilichukua pande la ukubwa wa ndimu, nikaliroweka katika ile robo kikombe ya maji, nikalifinya na kutoa kokwa, kisha maji hayo mazito ndiyo niliyoyeyushia sukari guru. Soda ilikuwa kijiko kimoja cha chai, kama maelezo yalivyotaka.

Rangi bado ilikuwa ya halua, si nyeusi kama ya kwenye picha ya binamu. Kwa hiyo nikaunguza kijiko kikubwa cha sukari nyeupe mpaka ikawa kama kahawa, nikaizima kwa maji kidogo nikiwa nimesogeza uso kando, maana huruka. Uchungu wake mdogo ndio uliokuwa umekosekana kwenye keki.

Niliioka kwa makaa, machache chini na mengi juu ya mfuniko. Sukari guru huungua upesi, na chini pakiwa na moto mkali utapata gamba jeusi ndani kukiwa kubichi. Baada ya dakika 50 kijiti kilitoka kikavu.

Wageni waliimaliza kabla ya Magharibi. Kipande nilichomfichia mama mkubwa alikila kesho yake kwa kahawa chungu, kikiwa kimelainika na kunata zaidi kuliko jana, akaniuliza nitaoka tena lini.